Mwimbaji wetu anatoa albamu yake peke yake, tumfukuze?

Anti shikamoo,

Natumaini mzima. Mimi ni mpiga gitaa kwenye bendi ya roki, tuko wanne, mimi, mpiga besi, mpiga dramu na mwimbaji ambaye ndo sura ya bendi, yani mtu wa kawaida ukimtajia bendi yetu anamjua yeye tu, sisi wengine ni "wale wa nyuma". Hilo sijawahi kuliona shida, kusimama mbele za watu ni kazi na yeye anaiweza, mimi hata kusema "habari zenu" kwenye maiki natokwa jasho.

Sasa juzi kati napitia simu nikakutana na posti ya prodyuza mmoja, picha ya studio, mwimbaji wetu kavaa hedifoni kasimama mbele ya maiki, chini imeandikwa albamu iko jikoni. Nikajua labda kaalikwa kwenye wimbo wa mtu. Kuangalia vizuri nyuma yake kuna ubao mweupe una majina ya nyimbo, nikaikuza picha. Anti, karibu zote nazijua! Ni nyimbo zake alizokua analeta mazoezini kwa nyakati tofauti. Sisi tuna utaratibu wetu, wimbo mpya unapigiwa kura, usipopata kura tatu unawekwa pembeni, na hizo zote zilikwama hapo, nyingi ni za taratibu, kinanda na gitaa kavu, mpiga dramu anaziita nyimbo za kulaza watoto. Hizo sina ugomvi nazo. Ila ulioandikwa mwisho kabisa kwenye ubao ni wimbo WETU. Ule ulipita kwa kura zote nne, upo kwenye orodha ya albamu ya bendi tunayoiandaa, maneno ni yake, na ile njia ya kuimba ni yake sibishi, lakini ule mwanzo wa gitaa, ule unaorudi kabla ya kila ubeti, ni wa kwangu, nilikaa nao nyumbani mpaka vidole vikaota sugu, na ukiutoa ule wimbo unabaki mifupa.

Nikampigia. Hakukataa. Akasema alikua anatafuta siku nzuri ya kutuambia, na kwamba hatoki kwenye bendi, ni nyimbo tu zilikua zinamsumbua kichwani inabidi azitoe, afu bila hata aibu akaniomba niende studio nimpigie gitaa kwenye huo huo wimbo, maana prodyuza kajaribu na mtu mwingine haitoki vile. Nikakata simu.

Kwenye grupu la bendi sasa hivi hakukaliki. Mpiga dramu anataka tumtoe kabla hajatutoa yeye, anasema kuna jamaa anamjua sauti inafanana kabisa, mashabiki hawatajua tofauti. Mpiga besi kasoma meseji zote hajajibu hata moja, ndo tabia yake. Jina la bendi alilibuni mwimbaji, nywila za akaunti zote anazo yeye, meneja hatuna, na karatasi ya kusaini kati yetu hatujawahi kuwa nayo maana tulianza kama washikaji tu. Na juu ya yote hayo tuna tamasha kubwa mbele, tuko kwenye bango, na albamu yake inatoka wiki hiyo hiyo, nahisi kabisa atataka kuimba nyimbo zake pale huku sisi tunampigia.

Nisaidie Anti. Tumfukuze? Ule wimbo ni wa nani? Niende studio nisiende? Na nikigoma si nitaonekana nina wivu? Maana kusema ukweli hata mimi sina uhakika kama sina.

Mpiga gitaa, jina kapuni

JIBU LA ANTI

Marahaba mwanangu, mimi mzima, wewe ndo naona hulali.

Hamumfukuzi mtu. Naanza na hilo maana huyo mpiga dramu wenu naona ana haraka na jambo lenyewe halitaki haraka, na hilo la jamaa mwenye sauti inayofanana nitalirudia nikiwa nimetulia.

Umeniletea kesi mbili umezifunga kwenye fundo moja, nifungue kwanza. Kuna zile nyimbo zilizokosa kura, na kuna huu mmoja wenye gitaa lako. Zile za kwanza mlizikataa nyie wenyewe kwa mikono yenu, tena mmoja wenu kazipachika jina la kejeli, sasa mlitaka azipeleke wapi? Mtu akitunga wimbo hauondoki kwa sababu umekosa kura tatu. Unakaa kichwani unamsubiri. George Harrison wa Beatles aliishi hivyo miaka, wenzake wawili ndo walikua watunzi wakuu na yeye kila albamu anapata nafasi ya kubana, akaleta wimbo unaitwa All Things Must Pass wakaufanyia mazoezi Januari 1969 afu haukuingia kwenye albamu yoyote ya bendi. Novemba 1970 bendi imeshavunjika, akatoa albamu kwa jina la wimbo huo huo, na haikua albamu ya sahani moja jamani, zilikua sahani tatu kwenye boksi moja! Ikashika namba moja Marekani. Sikwambii kwamba mwimbaji wenu ni Harrison, labda zile nyimbo kweli ni za kulaza watoto, sijazisikia. Nakwambia kwamba bendi inayopiga kura lazima ijue kura ikishasema hapana, wimbo unarudi kwa mwenyewe, na mwenyewe ana haki ya kuurekodi na kinanda chake na prodyuza wake. Utaratibu wenu wa kura mimi naupenda kwa kweli, ila mlisahau kipengele hicho, wimbo uliokwama ni ruhusa kuutoa nje.

Kwahiyo kwa hizo nyingine hana kosa la kutoa. Kosa lake ni kuficha. Na hili usilimeze kwa kuogopa kuitwa una wivu, kujua habari ya bendi yako kwenye posti ya prodyuza ni kitu kinauma na kingemuuma yeyote. Unamkumbuka Mick Jagger na Keith Richards wa Rolling Stones? Mwaka 1983 bendi ilisaini mkataba na kampuni ya rekodi ya CBS, na humo humo ndani Jagger akawa amejiwekea nafasi ya albamu zake binafsi. Albamu ya kwanza ikatoka 1985. Richards alikasirika sana, na ukimsikiliza alivyokua analalamika wala hakua anasema kwamba Jagger hana haki ya kuimba peke yake, kilichomchoma ni kwamba mambo yalipitishwa pembeni yake. 1986 Stones wakatoa albamu ya bendi, Jagger akagoma kwenda kwenye ziara ya kuinadi, wakarushiana maneno magazetini, Richards naye 1988 akatoa albamu yake. Wamekuja kukaa sawa kwenye albamu ya 1989 na ziara kubwa juu yake. Hesabu mwenyewe miaka iliyopotea hapo, na hao walikua na mawakili, meneja na hela, nyie hata karatasi hamna.

Kwahiyo mpigie tena, maana ile simu uliikata. Usimwandikie kwenye grupu, kwenye grupu mpiga dramu atajibu kabla yake. Mwambie kwa mdomo kwamba albamu atoe, ila kukuta habari kwenye picha ya mtu baki imekuumiza, na kwamba kabla ya kitu chochote kutoka mnakaa wanne. Mfupi hivyo. Usianze kumkumbusha mema uliyomtendea, mazungumzo ya bendi yakifika kwenye "mimi ndo nilibeba spika" hayarudi tena.

Sasa twende kwenye wimbo, hapa ndo penye uzito na hapa nataka unisome polepole.

Kwenye rekodi yoyote kuna mali mbili. Kuna utunzi, yani melodi, ile njia ya wimbo, na maneno na vile vitu vinavyoufanya wimbo ujulikane ni wimbo huu na sio mwingine. Na kuna rekodi yenyewe, ile sauti iliyonaswa studio siku fulani, mara nyingi hiyo ni ya aliyeilipia. Mrabaha wa utunzi, yani hela inayolipwa wimbo ukitumika, unakwenda kwa watunzi hata wimbo ukirudiwa na watu wengine kabisa. Kwa mazoea ya watu wengi mtunzi ni wa melodi na maneno, basi, mpiga gitaa ni mpigaji tu. Mazoea hayo ndo yamewaliza wengi. Kupiga kodi (chord) tatu za gitaa nyuma ya mtu anayeimba hakukufanyi mtunzi, lakini kama kile ulichopiga ni melodi yenyewe inayosimama peke yake, ambayo mtu akiisikia bila hata sauti ya kuimba anautambua wimbo, hapo una hoja.

Kuna kesi moja nawasimuliaga wapiga vinanda na wapiga gitaa wote. Procol Harum, bendi ya Uingereza, walitoa A Whiter Shade of Pale mwaka 1967, wimbo ukaenda dunia nzima, na kile kinachokumbukwa kuliko chochote ni ule mwanzo wa ogani. Aliyeupiga anaitwa Matthew Fisher. Kwenye karatasi watunzi waliandikwa wawili, mwimbaji Gary Brooker na Keith Reid aliyeandika maneno, Fisher hayupo. Akakaa. Akaja kwenda mahakamani 2005, wimbo umeshazeeka. 2006 jaji akasema ndio, ule mwanzo ni utunzi, apewe asilimia 40 ya sehemu ya muziki. 2008 mahakama ya rufaa ikasema ni mtunzi mwenza kweli lakini kwa alivyochelewa hela hapati. 2009 House of Lords, mahakama ya juu kabisa kule wakati huo, ikamrudishia haki yake. Alishinda mwanangu, alishinda kabisa, lakini mrabaha aliopewa ni wa kuanzia 2005 aliposhtaki, ile miaka yote wimbo ulipokua kila redio ilikwenda hivyo hivyo. Jaji wa kwanza alisema pia kwamba muda wote ule alionyamaza ni kama alikua amewaruhusu wenzake waendelee kuutumia bila kumlipa. Sasa wewe wimbo wako haujatoka hata siku moja. Uko mahali pazuri kuliko Fisher alivyowahi kuwa, usipachezee.

Cha kufanya ni hiki. Tafuta rekodi za mwanzo, zile voisi noti ulizojirekodi nyumbani ukiutafuta huo mwanzo wa gitaa, video za mazoezi, meseji ulizomtumia ukamwambia sikiliza hii, zote zina tarehe, zihifadhi mahali pawili. Afu mwandikie ujumbe, hapa sasa maandishi ndo yanatakiwa, wa heshima kabisa, useme wimbo huu tumeutunga pamoja, maneno na melodi ya kuimba ni yako, mwanzo na kipande kinachorudi ni changu, kabla haujatoka tukubaliane mgao na tuusajili kwa majina yote mawili kwenye chama cha kukusanya mirabaha. Akijibu "sawa kaka" basi una kitu mkononi, asipojibu pia una kitu, umeonekana hukunyamaza. Mgao wenyewe ni wenu, hakuna kanuni kwamba gitaa ni asilimia fulani, wengine wanagawana sawa kwa sawa wakamaliza, bendi ya R.E.M. wale wanne waliandika majina yao wote kwenye nyimbo zao bila kuangalia nani kaleta nini na walidumu miaka mingi wakiwa marafiki. Kisheria nchi na nchi zinatofautiana, Uingereza mtunzi mwenza anahitaji ridhaa yako kabla wimbo haujatumika, Marekani anaweza kuruhusu utumike bila kukuuliza ila lazima akugawie kilichopatikana, kwahiyo nenda kwenye chama cha hakimiliki cha ulipo au kwa wakili anayejua muziki, anayejua MUZIKI, sio yule aliyewaandikia watu mkataba wa nyumba.

Na huo wimbo ubaki kwenye albamu yake au urudi kwenye ya bendi? Mimi maoni yangu urudi. Ulipigiwa kura, ulipita, ni wa albamu ya bendi, kuuchukua pale ni sawa na kuchota kwenye mfuko wa pamoja. Muulize tu moja kwa moja, kwa nini huo na sio mwingine. Nahisi jibu ni kwamba prodyuza kasikia nyimbo zote za taratibu akasema unahitajika mmoja wa kuamsha watu, na wa kuamsha watu ana huo tu, ndo ujue kwamba anachokikosa huko alikokwenda ni nyie. Ila kama nyie wanne mkikaa mkakubali autoe yeye kwanza na bendi iurekodi baadae kivyake, hilo nalo linawezekana, rekodi mbili za wimbo mmoja sio dhambi, na nyimbo zinakwenda na kurudi. Freddie Mercury alitoa albamu yake binafsi Mr. Bad Guy 1985, na baada ya kufariki wenzake wa Queen wakachukua nyimbo mbili za humo wakazitengeneza upya kibendi kwenye albamu ya 1995. Muhimu mkubaliane kabla, na wote wanne, sio wewe na yeye mkiwa koridoni.

Studio uende? Ukiwa na ule mgao kwa maandishi, nenda, tena nenda kwa moyo. Bila hiyo usiende. Ukienda sasa hivi ukapiga vizuri kama unavyojua wewe, baadae ukilalamika atakwambia ulikuja mwenyewe, ulikubali, ulikunywa na soda. Na ukienda utambue kuna malipo mawili tofauti, mgao wa utunzi ni kimoja, ujira wa kupiga siku hiyo ni kingine, na jina lako liandikwe kwenye orodha ya wapigaji maana nchi nyingi mpigaji pia ana haki zake rekodi ikichezwa redioni. Usikubali kimoja kikamezwa na kingine. Huyo prodyuza alishajaribu mtu mwingine haikutoka, mwanangu, wewe hapo huombi kazi.

Hili la jina na nywila. Kubuni jina sio sawa na kulimiliki, mkifanya kazi pamoja chini ya jina moja kwa muda mrefu sehemu nyingi litahesabika ni la ushirika wenu, lakini "sehemu nyingi litahesabika" ni maneno ya kumpa wakili riziki. Roger Waters alipoondoka Pink Floyd 1985 alijua bendi imeishia hapo, wenzake wakasema sisi tunaendelea na jina, wakapelekana mahakamani, wakaja kumalizana 1987 na jina likabaki kwa waliobaki. Kwahiyo karatasi hiyo moja mtakayoandika iseme jina ni la nani mmoja akitoka. Na nywila, sio kwa ugomvi, yani hata angekua hana albamu, watu wanne hawaachi nywila zote kwa mtu mmoja, akipoteza simu je? Wekeni wasimamizi wawili. Kama mna mkataba wowote na lebo, yani kampuni ya rekodi, au msambazaji msome tena, mikataba mingi ina kipengele kwamba memba akitoka au akitoa kitu chake peke yake lebo ina haki ya kwanza juu yake, mwimbaji wenu anaweza kuwa anarekodi kitu ambacho hana ruhusa ya kukitoa na hajui.

Kama bendi inaweza kuishi na mwimbaji mwenye albamu yake hujaniuliza, ila ndo unachoogopa. Inaishi. Phil Collins alitoa yake ya kwanza Februari 1981 ikashika namba moja Uingereza, mwaka huo huo Septemba bendi yake Genesis ikatoa albamu naye akiwemo, na hakuondoka mpaka 1996. Stevie Nicks alitoa yake Julai 1981, namba moja Marekani, mwaka uliofuata yuko na bendi yake Fleetwood Mac kwenye albamu nyingine nayo namba moja. Huyo huyo Mercury, albamu yake ilitoka Aprili 1985 na Julai mwaka huo alikua Wembley na Queen kwenye tamasha la hisani la Live Aid, na shoo ile kila mtu anaijua. Wapo ambao hawakurudi pia, Sting alitoa albamu yake ya kwanza 1985 na bendi yake The Police hawakutoa tena albamu mpya, walikuja kuungana kwa ziara kubwa 2007 na 2008. Bendi kudumu hivyo inataka ratiba, mwaka huu miezi hii ni ya bendi, miezi ile kila mtu na lake, na tarehe za bendi hazisogezwi na mtu mmoja. Hiyo ndo mkae muiandike, tarehe kwa tarehe, mazoezi lini, albamu ya bendi inaingia studio lini. Kama hawezi kuwapa tarehe hapo ndo uanze kuhofu, mtu anayesema "sitoki kwenye bendi" lakini hana hata mwezi mmoja wa kuwapa ameshatoka, bado kuwaambia.

Mpiga dramu. Mwambie Anti kasema jamaa wa sauti inayofanana akaimbe kwenye harusi. Mashabiki hawatajua tofauti? Watajua kabla hajamaliza ubeti wa kwanza. Bendi zilizobadili mwimbaji zikasimama zilitafuta mtu mwenye lake, hazikutafuta kivuli. Na mpiga besi mpigie simu wewe, ukimya wake usiufanye kura yako wala ya mpiga dramu, inawezekana anajua habari hizi siku nyingi kuliko nyie. Nani amepiga besi kwenye hiyo albamu? Umeuliza?

Haya, wivu. Labda unao kidogo, sio ugonjwa. Mwaka 1978 bendi ya Kiss walifanya kitu cha ajabu, wote wanne kila mmoja akatoa albamu yake siku moja, tarehe 18 Septemba, majalada yanafanana. Wimbo uliofanya vizuri kuliko zote kwenye zile albamu ulitoka kwa Ace Frehley, mpiga gitaa. Nakuachia hapo, nawe umesema mwenyewe hata salamu kwenye maiki hutoi.

Kuhusu tamasha, bango lina jina la bendi na watu wamekuja kuona bendi, kwahiyo mnapiga nyimbo za bendi. Akitaka kuimba mmoja wa kwake aombe mazoezini, mpige kura kama kawaida yenu, na ukipita mpige wote kwa nguvu kama wa kwenu, sio mtu anasimama nyuma kanuna na gitaa. Ule wenye mwanzo wako msiupande nao jukwaani mpaka mgao uwe umesainiwa, simu za watu zinarekodi siku hizi na kesho yake utakuta uko kila mahali kwa jina la mtu mmoja. Leo ni siku ya kumpigia, kabla prodyuza hajaposti picha nyingine.

Anti